Strv m/38, m/40L au m/41: kifaru chepesi kipi cha Uswidi kinakufaa

Katika War Thunder, gemu ya vita ya mtandaoni, mti wa vifaru wa Uswidi (yaani vifaru unavyovifungua kimoja baada ya kingine) unaanza na kundi la vifaru vidogo ambavyo kwa jicho la mgeni vinafanana mno: Strv (kifupi cha neno la Kiswidi la kifaru) m/31, m/38, m/39, m/40L, kisha m/41. Namba hizo ni mwaka wa modeli, basi wengi hudhani kila namba inayopanda inaleta kifaru bora kuliko kilichotangulia. Wanakimbilia mbele, wanavisahau walivyoviacha nyuma, na wakifika madaraja ya kati wanatangaza kwamba Uswidi ni taifa dhaifu. Mimi nalipenda taifa hili na sikubaliani nao. Vifaru vyake vya mwanzo ni vizuri, ila vinakutaka uchague kwa sababu iliyo sahihi, na sababu hiyo si mzinga.

Si mzinga kwa kuwa m/38, m/39, m/40L na m/41 vyote vimefungwa mzinga ule ule: Bofors wa milimita 37, modeli ya 1938. Ukitoka m/38 ukapanda m/41 hupati ngumi nzito zaidi. Kinachobadilika ni mwili unaoubeba mzinga huo: idadi ya askari waliomo, unene wa chuma, uzito, na wepesi wa kutoka ulipo kwenda unakotaka. Kwa hiyo kabla ya kuchagua jiulize swali moja: wewe huwa unakufaje? Kuna mchezaji anayekufa akiwa amechungulia kona na kupigwa usoni. Kuna anayekufa kwa sababu alichelewa, akakuta adui ameshakaa mahali pazuri. Kuna anayekufa kwa kupigwa ubavuni na mtu ambaye hakumwona kabisa. Majibu haya matatu hayaelekezi kwenye kifaru kimoja.

Mzinga kwanza, maana ni wa wote

Bofors wa milimita 37 ulikuwa miongoni mwa mizinga ya kupiga vifaru iliyoenea sana Ulaya katika miaka ya 1930. Poland iliuweka kwenye kifaru chake cha 7TP. Ufini iliutumia katika Vita vya Majira ya Baridi vya 1939 na 1940 dhidi ya vifaru vya Kisovieti vya T-26 na BT, na ulivitoboa. Hilo linamhusu mchezaji moja kwa moja, kwa sababu T-26 na BT-5 ni miongoni mwa vifaru utakavyokutana navyo daraja la kwanza. Mzinga huu ulitengenezwa kwa ajili ya maadui wa aina hiyo, na katika gemu bado unaiweza kazi yake: T-26, BT-5, Pz.II na Ha-Go ya Kijapani hutobolewa kwa umbali wa kawaida wa mapigano.

Taabu inaanza kwa Wafaransa. R.35 na H.35 ni vifaru vya polepole vyenye chuma cha kusubu, cha mviringo, chenye unene wa karibu milimita 40. Risasi ya 37 ikikutana na mviringo ule kwa pembe mbaya inateleza. Usibishane nao kwa mbali. Zunguka, au subiri wageuke.

Jambo la pili ni kwamba risasi ya milimita 37 ni ndogo, na ikipenya hutawanya vipande vichache ndani. Katika War Thunder kifaru hakina pointi za uhai; kinakufa pale anapobaki askari mmoja tu aliye hai, au kikilipuka kwa risasi zake au kuungua. Ina maana kutoboa peke yake hakutoshi, sharti utoboe mahali alipokaa mtu. Mchezaji wa Uswidi anayejua adui wamekaa wapi ana faida kubwa kuliko mwenye kifaru kizuri asichokijua. Kwenye T-26 dereva amekaa kulia na mnara (sehemu ya juu inayozunguka na mzinga) umesogezwa kushoto, kwa hiyo risasi ya katikati kabisa ya bodi (mwili wa kifaru chini ya mnara) inaweza kupita bila kumgusa yeyote wa maana. Kwenye Pz.II mnara nao umesogea kushoto, na ndani yake yuko kamanda ambaye ndiye anayepiga. Mpige huyo na ule mzinga wake wa rashasha wa milimita 20 unanyamaza hadi mwenzake ashike nafasi. Ha-Go, R.35 na H.35 zote zina mtu mmoja tu mnarani. Risasi ya kwanza mnarani, na ikihitajika ya pili kwa dereva. Mzinga huu unajazwa haraka, hivyo risasi ya pili inafika kabla adui hajajipanga upya.

Haya yote ni kweli ukiwa ndani ya m/38, ni kweli ukiwa ndani ya m/41.

Vilikotoka

Historia yao inaeleza tofauti zao vizuri kuliko takwimu za kwenye karakana ya gemu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

m/38, m/39 na m/40L ni watoto wa kiwanda cha Landsverk, katika mji wa Landskrona kusini mwa Uswidi. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles uliikataza Ujerumani kumiliki vifaru. Kampuni ya Kijerumani ya GHH ikapata umiliki mkubwa katika Landsverk, na mhandisi wa Kijerumani Otto Merker akafanya kazi huko. Kwanza kikatoka L-10, ambacho jeshi la Uswidi lilikiita Strv m/31 na ambacho vilijengwa vitatu tu. Kisha mwaka 1934 kikaja L-60, na hiki ndicho kilichofanya wahandisi wa nchi nyingine wageuze shingo: badala ya chemchemi za kawaida, magurudumu yake yaliegemea nondo za chuma zinazojipinda na kujinyoosha ndani ya sakafu ya bodi. Mfumo huo baadaye ulikuja kuwa wa kawaida kwa vifaru vya mataifa mengi, ila L-60 ilikuwa miongoni mwa vya mwanzo kabisa kuwa nao. Ayalandi ilinunua viwili. Hungaria ilinunua leseni na kukijenga kwa jina la Toldi. Uswidi yenyewe ilichukua 16 kama m/38, kisha 20 kama m/39, kisha 100 kama m/40L. Kiwanda cha Karlstad kikaongeza 80 vya aina ya m/40K vyenye chuma kinene zaidi.

m/41 ni wa ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1940 Uswidi iliagiza vifaru 90 vya aina ya TNH kutoka kiwanda cha ČKD cha Praha, ndugu wa kile ambacho Wajerumani walikiita Panzer 38(t). Praha ilikuwa tayari chini ya Ujerumani, na Ujerumani ikavichukua vifaru hivyo 90 kwa matumizi yake. Waswidi wakaomba leseni wajenge wenyewe, wakapewa, na Scania-Vabis ya Södertälje ikaanza kazi. Yalitoka matoleo mawili ya m/41, S-I 116 na S-II 104, kati ya mwisho wa 1942 na mapema 1944. Kufikia wakati huo mzinga wa milimita 37 ulikuwa umeshapitwa na vita, lakini Uswidi haikuwa vitani. Ilihitaji vifaru vingi haraka, na hivi vilikuwa vinajengeka.

Hakuna kimoja kati ya hivi kilichopigana kwa bendera ya Uswidi. Baadhi ya vifaru vya ukoo wa L-60 viliuzwa Jamhuri ya Dominika katika miaka ya 1950, na huko Santo Domingo mwaka 1965 vilikutana na majeshi ya Marekani, vikashindwa. Kwa wengi wetu gemu ndiyo mahali pekee pa kuona vifaru hivi vikitumika kama vilivyokusudiwa.

| | m/38 | m/40L | m/41 S-I | m/41 S-II |
|---|---|---|---|---|
| Uzito (tani) | 8.5 | 9.5 | 10.5 | 11 |
| Askari | 3 | 3 | 4 | 4 |
| Injini (nguvu farasi) | 142 | 142 | 142 | 160 |
| Mzinga | Bofors mm 37 | Bofors mm 37 | Bofors mm 37 | Bofors mm 37 |
| Magurudumu | nondo za kujipinda | nondo za kujipinda | makubwa manne kila upande, chemchemi za bapa | makubwa manne kila upande, chemchemi za bapa |

Gawanya nguvu kwa uzito uone: m/38 ina karibu nguvu farasi 17 kwa kila tani, m/40L karibu 15, S-I kati ya 13 na 14, na S-II imerudi juu ya 14 kidogo kwa sababu ya injini kubwa zaidi. Hapo ndipo tofauti za mwendo uwanjani zinapozaliwa.

Strv m/38: kwa anayechelewa kufika

Chuma cha m/38 hakifiki milimita 20. Sema wazi: hakuna deraya hapa. Rashasha nzito za milimita 12.7 zilizo kwenye magari ya Kimarekani ya kupiga ndege zinakitoboa, mzinga wa Pz.II unakitoboa popote, na kombora la mlipuko la T-28 lenye kipenyo cha milimita 76 linakimaliza kwa pigo moja bila hata kuhitaji kulenga vizuri. Ndani mna askari watatu: dereva chini, wawili mnarani. Wakifa wawili umekwisha. Na kwa kuwa wawili wamekaa bega kwa bega mnarani, risasi moja nzuri ya adui kwenye mnara inaweza kuwachukua wote pamoja.

Kwa nini basi ukichague? Kwa sababu kinafika. Katika dakika ya kwanza ya pambano ramani haina mwenyewe. Kwenye Karelia yenye mawe na vilima, au kwenye kijiji cha ramani ya Poland, anayefika kwanza kwenye kona au nyuma ya ukingo ndiye anayempokea adui akiwa ubavu wazi. m/38 inakupa nafasi hiyo. Ni chembamba, ni kifupi, kinajificha nyuma ya kitu kidogo. Kama kosa lako la kila siku ni kufika mahali ukakuta mwenzako amekaa anakusubiri, usitafute chuma kinene, tafuta mwendo.

Kifaru chepesi katika War Thunder pia kina kazi ya upelelezi: ukimtazama adui na kumtia alama, wenzako wanamwona kwenye ramani, nawe unapata pointi za kukuwezesha kuingia tena na kifaru kingine. Wachezaji wengi wa daraja la kwanza hawajui kwamba kitufe hicho kipo. m/38 inayojificha na kuwatia alama maadui watatu bila kupiga hata risasi moja imeisaidia timu yake kuliko m/41 iliyoua mmoja na kufa.

Kuhusu m/39 sina mengi: ni m/38 iliyorekebishwa kidogo. Ukiwa nayo itumie kama m/38. Na m/31 ni kifaru kizito zaidi, tani 11.5, chenye askari wanne. Usikitupe. Kiweke cha akiba kwenye safu yako kwa sababu ya huyo mtu wa nne, ambaye nitamrudia.

Strv m/40L: kipo katikati, na katikati si pazuri

Nataka kuwa mkweli kwa wale wanaosema m/40L ndiyo bora kwa kuwa ndiyo ya mwisho kati ya hivi vitatu vya Landsverk. Chuma chake kimefika takriban milimita 24 mbele. Kwa karatasi ni karibu maradufu ya m/38. Uwanjani chuma hicho kinakulinda dhidi ya nini? Rashasha nyepesi, ndiyo. Rashasha nzito kwa mbali, mara nyingi. Lakini mzinga wowote wa milimita 37 au 45, ambao ndio mzinga wa nusu ya wapinzani wako, unapita kana kwamba hakuna kitu. Umelipa tani nzima na sehemu ya wepesi wako, na bado una askari watatu tu.

Faida yake ya kweli ni dhidi ya maadui wenye silaha ndogo: mizinga ya rashasha ya milimita 20 kwa mbali, na magari ya kupiga ndege yanayopenda kumwaga risasi nyingi. Ikiwa wanaokuua mara kwa mara ni hao, m/40L itakubadilishia maisha. Kama sivyo, ipite. Ifanyie utafiti kwa sababu iko njiani, ipeleke vitani ukiwa umebakiwa nayo, usiifanye kifaru chako cha kwanza.

Jambo moja la kukumbuka kwa ukoo wote wa L-60 na kwa m/41 pia: gurudumu linalosukuma mnyororo liko mbele, na gia ziko mbele. Adui akipiga chini ya pua yako hata bila kumuua mtu, umekwama. Ficha pua. Ukiwa nyuma ya ukingo onyesha mnara peke yake. Ukiwa kwenye kona usitoke moja kwa moja, toka ukiwa umeinamisha bodi pembeni kidogo.

Strv m/41: kwa anayepigwa usoni

Hapa kuna mtu wa nne. Dereva, mwenye rashasha kando yake, na wawili mnarani. Kwa kanuni ya War Thunder, adui lazima aangushe watatu kabla hujahesabiwa umekufa. Hiyo inamaanisha kwamba risasi ile ile ya mnarani iliyoua m/38 papo hapo, kwenye m/41 inakuacha na watu wawili walio hai, ambao mmoja wao atapanda mnarani baada ya sekunde kadhaa na kuushika mzinga. Hizo sekunde kadhaa ni uhai wa pili. Mara nyingi zinatosha kurudi nyuma ya ukuta.

Sikiliza, kama kuna jambo moja katika ulinganisho huu ambalo ningependa mchezaji mpya alishike, ni hili la hesabu ya watu. Tunatazama sana milimita za chuma, na kwa daraja la kwanza chuma cha karibu kila kifaru kinatobolewa na karibu kila mzinga. Katika mazingira ya namna hiyo askari mmoja wa ziada ana thamani kuliko milimita kumi za chuma.

S-I ina chuma cha mbele cha milimita 25, yaani sawa na m/40L. S-II imefika hadi milimita 50 mbele, na hapo hadithi inabadilika. Mizinga ya milimita 37 na 45 ikikupiga kwa mbali, nawe umeinamisha bodi pembeni, inaanza kushindwa. Unaweza kukaa kwenye kona, ukapokea risasi moja, ukajibu mbili. Ubavu wake umebaki mwembamba kama wa ndugu zake, kwa hiyo uimara huu ni wa mbele tu. Ukizungukwa wewe ni m/38 nzito.

Kinachokera kwenye m/41 ni mwendo wa kuanza. Barabarani kinafika kasi inayokaribia ya wenzake, ila kukitoa kwenye tope au kukipandisha kilima kunahitaji subira. Usishindane kufika kituo, yaani eneo ambalo timu hugombania kuliteka. Wacha wenye BT wakimbilie huko, wewe nenda mahali ambapo BT hizo zitapita zikirudi.

Jirani wa Kifini anayesahaulika

Mti wa Uswidi katika War Thunder una vifaru vya Ufini pia, na kimoja kinastahili kutajwa hapa: T-26E. Ni Vickers ya tani sita ambayo Wafini waliifunga mzinga wa Kisovieti wa milimita 45. Kinatembea polepole na chuma chake ni chembamba. Kwa mwili ni duni kuliko m/41. Lakini risasi ya mzinga ule ina baruti ndani. Ikipenya inalipuka, na mara nyingi haimwachi mtu. Yale yote niliyosema kuhusu kujua adui amekaa wapi, T-26E inakusamehe. Kama bado hujaijua miili ya vifaru vya wenzako na unachoka kutoboa bila kuua, panda T-26E kwa wiki moja upate raha, kisha rudi kwenye Bofors ukiwa umejifunza.

Tulioko mbali na seva

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki seva inayofaa ni ya Ulaya, na mawimbi yana safari ndefu kwenda na kurudi. Pingi (muda wa safari hiyo) ikiwa juu, unachokiona kwenye skrini kimeshapita kidogo. Hilo lina athari kwa uchaguzi wako. Mtindo wa m/38 wa kuchomoza, kupiga na kurudi haraka unaumia sana: unadhani umesharudi nyuma ya ukuta, kumbe kwa seva bado uko nje. m/41 haitegemei mchezo wa nukta ya sekunde. Inakaa, inasubiri adui ajitokeze, inapiga. Kwa mtu anayecheza kwa bando la simu jioni, mtandao ukisuasua, ningempa S-II bila kusita, na m/38 ningemwachia kwa siku ambazo laini ni safi.

Ningepanga safu hivi

War Thunder haikulazimishi kifaru kimoja. Unaingia na safu, kimoja kikiangushwa unatoa kingine. Kwa hiyo mpangilio una uzito kuliko uchaguzi wenyewe. Ningetoka kwanza na m/38, niteke kituo au niwahi ukingo wenye mwonekano mpana, nitie alama maadui, nipige ubavu nikipata. Kikifa, na kitakufa, sasa najua adui wako wapi. Hapo natoa m/41 S-II na kwenda kuziba upande unaovuja. T-26E inakuja ya tatu, pambano likishahamia vichochoroni ambako polepole yake haimuumizi mtu.

Ambaye hajafika m/41 atumie m/31 mahali pake. Si imara, lakini mtu wa nne yumo.

Kabla ya kutumia sarafu zako kununua mafunzo ya askari, ingia kwenye jaribio la kuendesha, ambalo ni bure, na ufanye mambo mawili kwa kila kifaru: kikimbize kutoka kusimama hadi kasi yake ya juu kwenye nyasi badala ya lami, kisha kirudishe kinyumenyume kwa umbali wa jengo moja. Utaona mwenyewe ni kipi mkono wako unakielewa.

Kama gemu yako ni World of Tanks

Huko mambo ni tofauti kiasi kwamba ushauri wa juu haufai kuhamishwa mzima. Waswidi waliingia World of Tanks mwishoni mwa 2016, na tawi linaanza na Strv fm/21 daraja la I, m/38 daraja la II, m/40L daraja la III, kisha Lago daraja la IV. m/41 haimo kwenye tawi hilo. Kwa hiyo unachokiamua huko ni ukae muda gani kwenye kila kifaru.

fm/21 ni kifaru chenye historia kubwa kuliko uwezo wake. Mwaka 1921 Uswidi ilinunua kwa siri sehemu za vifaru kumi vya LK II vilivyosanifiwa na Joseph Vollmer wa Ujerumani mwishoni mwa Vita vya Kwanza, ikaviunganisha nyumbani. Mwaka 1929 Heinz Guderian, ambaye nchi yake ilikatazwa kuwa na vifaru, alikwenda Uswidi na kuendesha kimoja. Kwa heshima hiyo kipeleke vitani mara chache, kisha endelea. Hakina zaidi cha kukufundisha.

m/38 na m/40L katika World of Tanks zina pointi za uhai, na upenyaji pamoja na madhara ya kila risasi hubadilika kwa bahati hadi asilimia 25 juu au chini. Hesabu ya askari haina uzito ule wa War Thunder. Badala yake kinachotawala ni kuona na kutoonwa. Vifaru vyepesi huko havipotezi uwezo wao wa kujificha vinapotembea, jambo ambalo aina nyingine hazina. Kwa hiyo m/38 inayopita nyuma ya vichaka bila kupiga risasi inaweza kuwaonyesha wenzako nusu ya timu pinzani. Ukipiga, unajifichua, basi piga ukiwa umeamua kuondoka hapo.

Hapa ningekaa m/40L zaidi ya m/38, kinyume cha nilivyosema kwa War Thunder. Sababu ni kule unakokwenda. Tawi linaendelea hadi Strv m/42, Strv 74, Leo, kisha Emil na Kranvagn, na hizi za juu zinaishi kwa mnara wenye chuma kinene na mzinga unaoinama sana: unakaa nyuma ya kilima, bodi imefichwa, unaonyesha mnara tu. m/40L ni mahali pa bei nafuu pa kuanza kuzoea kilima. Tafuta ukingo, simamisha kifaru kabla mnara haujatokeza wote, piga, rudi hatua moja. Kikikubali mkononi mwako, wahamishie Lago askari wale wale uliowafundisha, na m/38 unaweza kuiuza upate nafasi karakanani.